Fahamu: Kwa nini mashabiki wa Star Wars hawaachi kubishana?

Filamu za Star Wars, zilizoanza mwaka 1977, zina mkono wa Afrika Mashariki. Katika Return of the Jedi (1983), Mkenya Kipsang Rotich alimpa rubani Nien Nunb sauti kwa Kikuyu. Mwaka 2015 mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o akaingia kama mhusika Maz Kanata.

Ugomvi ni upi?
Baadhi ya mashabiki wanadai filamu ya The Last Jedi (2017) ilimvunjia heshima shujaa Luke Skywalker. Wengine wanausifu uthubutu wa filamu hiyo.

Na michezo ya video?
Mwaka huohuo, mchezo wa Star Wars Battlefront II uliwaudhi wachezaji kwa masanduku ya bahati nasibu yaliyolipiwa fedha halisi juu ya bei ya mchezo. Kampuni ya EA, iliyoutoa mchezo huo, ikasitisha malipo hayo. Mwaka 2018, Ubelgiji ilitangaza masanduku ya kulipia kuwa kamari.