Malungu ya Ufipa

Ilungu (wingi: malungu) ni tanuri refu la udongo lililotumiwa na Wafipa kuyeyushia chuma katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini baadhi ya matanuri yamebaki mashambani na porini mkoani Rukwa.

Ujenzi

Ilungu lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, pana chini na jembamba juu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na mara nyingi karibu na kichuguu chenyewe. Kuzunguka kitako chake yaliachwa matundu ya kupitishia mirija ya udongo iliyoingiza hewa. Tundu moja kubwa zaidi lilikuwa mlango wa kutolea chuma.

Uyeyushaji

Tanuri lilijazwa mkaa na mawe yenye madini ya chuma kwa kupitia juu. Halikuhitaji mivukuto: hewa ya moto ilipopanda, hewa baridi ilivutwa ndani kupitia mirija ya chini. Moto uliwaka kwa siku kadhaa.

Bonge la chuma lililopatikana lilikuwa bado na uchafu. Lilisafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, kisha mhunzi akafua majembe, mashoka na mikuki. Majembe yalihitajika hasa kwa matuta ya intumba, ambamo nyasi hufukiwa ili zioze na kuwa mbolea. Yalitumika pia kama mahari.

Fundi mkuu aliweka dawa ndani ya tanuri, na ilungu jipya lilitendewa kama bibi harusi. Wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe.

Kukoma

Majembe yaliyoagizwa kutoka Ulaya wakati wa ukoloni yaliwavutia wanunuzi, kwa kuwa hayakudai kazi ndefu ya kuchoma mkaa, kuchimba mawe na kujenga tanuri. Ujuzi ulibaki kwa wazee. J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya wafua chuma wa Ufipa mwaka 1969. Baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Randi Barndon wa Norwei walifanya utafiti zaidi.

Hifadhi

Nchini Uingereza hata vibanda vyekundu vya simu vya miaka ya 1930 vimeorodheshwa kimoja kimoja kuwa urithi unaolindwa. Tanzania hutumia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886, na humpa waziri uwezo wa kutangaza mengine kuwa ya kuhifadhiwa.

Ilungu halina maandishi wala tarehe. Matanuri ya mwisho yalijengwa baada ya 1886, kwa hiyo umri wake pekee hauyapi ulinzi bila tangazo la waziri. Ukuta wa udongo huliwa na mvua, mizizi na jembe la mkulima. Ukianguka, hubaki vipande vya mirija na mavi ya chuma. Hivyo maisha ya ilungu hutegemea zaidi uamuzi wa mwenye shamba: kulizunguka anapolima, au kulisawazisha na ardhi.