Paa Moja, Maisha Mbalimbali

Waulize wapangaji wa jumba moja la ghorofa, Kitale au Bungoma, nao watakusimulia habari za nyumba mbili tofauti. Wa chini hupata maji, ila kelele na vumbi la barabara humsumbua. Wa juu hufurahia upepo, lakini maji yakipungua nguvu hupandisha mitungi ngazini. Kila mmoja humlalamikia mwenye nyumba peke yake, hivyo hapana asikilizwaye. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao na maji safi ya kutosha. Lakini Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, huzihusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi tu, na wengi wa ghorofani hulipa zaidi. Walimu na wanafunzi mnaoishi humo, ketini pamoja, mdai kwa sauti moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.