2,147,483,647: namba tasa inayosubiri mwaka 2038

Chukua kikokotoo cha simu yako. Andika 2, zidisha kwa 2, tena kwa 2, mpaka uwe umetumia mbili 31. Utapata 2,147,483,648. Toa 1. Namba inayobaki ni tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe.

Tunajuaje? Njia ya kawaida ni kuigawanya kwa kila namba tasa hadi kufikia kipeuo chake cha pili, yaani kama 46,341. Hizo ni zaidi ya 4,000. Kwa kalamu na karatasi, si mchezo! Lakini kufikia mwaka 1772 Leonhard Euler alikuwa ameshaimaliza kazi hii, naye wakati huo alikuwa karibu kipofu.

Siri yake ni kwamba hakujaribu zote. Tuseme kuna namba tasa p inayoigawanya namba yetu. Basi 2 yenye kipeo cha 31, ukiigawanya kwa p, inabakiza 1. Fermat naye alishasema kuwa 2 yenye kipeo cha p − 1 inabakiza 1 vilevile. Kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, mambo haya mawili yanapatana tu kama p − 1 inagawanyika kwa 31. Na p si shufwa, kwa hiyo p − 1 inagawanyika kwa 2 pia, yaani kwa 62. Hoja nyingine (naipita haraka, ila ni tamu) inasema p ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Ziunganishe: p ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63.

Namba za namna hiyo chini ya 46,341 hazifiki 400, na nyingi hata si tasa. Iliyo tasa ya kwanza ni 311. Jaribu mwenyewe, utapata baki 35. Euler aliendelea hivyo mpaka mwisho, hakuna iliyogawanya.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Namba ikihifadhiwa kwa biti 32, biti moja hushika alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31. Kwa hiyo kubwa kuliko zote inayoenea humo ni hii hii ya Euler. Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda hivyo, kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujahamishiwa biti 64 utarudi kwenye namba hasi na kuamini kuwa ni Desemba 1901. Kompyuta mpya nyingi zimeshahamia. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye vile vidude vilivyofungwa ndani ya mashine miaka mingi iliyopita, ambavyo hakuna anayekumbuka kuvifungua.