Mlima Elgon: Jirani Mkubwa Usiyemjua

Ukiwa Kitale, tazama magharibi asubuhi mapema kabla mawingu hayajashuka. Ukiwa Bungoma, geukia kaskazini. Huyo unayemwona ni Elgon, mlima wa pili kwa urefu Kenya, na wengi wetu tunamjua kwa picha za watu wengine tu.

Elgon ni volkeno iliyokufa zamani sana. Chini umetanuka kama kilomita 80. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko upande wa Uganda. Usisikitike manze, sisi tuna Koitobos, na tuna mapango.

Pango la Kitum ndilo maarufu. Usiku ndovu huingia ndani gizani, wanakwangua kuta kwa pembe na kula mawe yenye chumvi. Lakini kuwa makini: mwaka 1980 na 1987, wageni wawili waliokuwa wameingia humo walikufa kwa virusi vya Marburg. Popo wa mapangoni si wa kuchezea.

Babukusu huuita Masaba, jina la babu wanayehesabiwa naye ukoo mmoja na Bagisu wa Mbale. Ndiyo maana mwaka unaogawanyika kwa mbili ukifika, ngoma za jando hulia pande zote mbili. Mpaka ulikata mlima, haukukata undugu. Na Elijah Masinde alipoanzisha Dini ya Msambwa kuwapinga wakoloni, wafuasi wake waliuona mlima huu kuwa mtakatifu.

Sasa tuongee ukweli. Mlima huu umemwaga damu pia. Kati ya 2006 na 2008, mzozo wa mashamba ya Chebyuk uliua mamia ya watu na kuhamisha maelfu. Wengine waliokuwa watoto wakati huo ni rika letu. Huko juu Chepkitale, Waogiek nao wamepigania ardhi ya mababu zao mahakamani kwa miaka.

Kwa nini ikuhusu? Fungua mfereji. Maji ya Elgon huingia mto Nzoia hadi Ziwa Victoria, na kupitia Suam na Turkwel hadi Ziwa Turkana. Msitu ukiisha, mahindi ya Trans Nzoia na miwa ya Bungoma itajua kwanza, halafu sufuria yako.

Kutoka Kitale hadi lango la Chorlim, kupitia Endebess, ni kilomita chache tu, hazifiki 40. Panga na wasee wako, beba sweta, na mchukue mwongozaji wa huko huko. Mzee wa kijijini akianza kusimulia, weka simu mfukoni usikilize.