Kurejesha Kumbukumbu ya Soketi katika Kiini cha Linux: Ufafanuzi kwa Mfano wa Njia ya Misafara ya Tabora

Makala hii inafafanua kosa linalojirudia katika msimbo wa mtandao wa kiini cha Linux, yaani kurejesha kumbukumbu ya muunganisho wakati sehemu nyingine ya kiini ingali ikiitumia. Hoja yake ni kwamba kufungwa kwa muunganisho na kurejeshwa kwa kumbukumbu yake ni matukio mawili, na usalama hutegemea mpangilio wa hatua zilizo baina yake.

Historia ya Unyanyembe inatupatia mfano. David Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Hadi Oktoba mwaka huohuo, Verney Lovett Cameron, aliyeongoza msafara wa kumsaidia, alikuwa Unyanyembe, karibu na Tabora, bila habari. Alizipata pale tu Chuma, Susi na wenzao walipokuwa wakiupeleka mwili pwani. Hata baada ya hapo, Cameron aliendelea hadi Ujiji kuchukua karatasi za marehemu zilizobaki huko. Safari ya mwenyewe ilikwisha, lakini waliomtegemea na vilivyokuwa vyake vilikuwa vingali vimetawanyika njiani.

Soketi nayo ina hali hiyo. Programu inapoifunga, huenda kichakataji kingine kinashughulikia pakiti yake, kipima muda kinakaribia kutimia, na uzi mwingine umekwisha kuiona katika jedwali la utafutaji. Tofauti ni kwamba kumbukumbu iliyorejeshwa yaweza kugawiwa upya papo hapo. Anayebisha hodi kwa anwani ya zamani hufunguliwa na mpangaji mwingine. Mpangaji huyo akiwa mshambuliaji, huandika atakalo mahali ambapo kiini kinatarajia kukuta anwani ya utaratibu wa kutekeleza.

Hatari hiyo imekwisha kuthibitika. Kosa lililosajiliwa kwa namba CVE-2016-8655, lililogunduliwa na Philip Pettersson, lilihusu soketi za AF_PACKET. Programu ikiomba hifadhi ya pakiti ya toleo la TPACKET_V3, kiini huanzisha kipima muda. Uzi wa pili uliweza kubadili toleo kuwa TPACKET_V1 kabla uzi wa kwanza haujamaliza kutekeleza packet_set_ring. Soketi ilipofungwa, kiini kilisoma toleo jipya na kuchukulia kwamba hapakuwa na kipima muda cha kusimamisha. Kumbukumbu ikarejeshwa, kipima muda kikaendelea kuhesabu. Katika mifumo iliyomruhusu mtumiaji wa kawaida kufungua soketi hizo ndani ya eneo lake la majina, mtumiaji huyo aliweza kujitwalia mamlaka ya msimamizi mkuu. Kosa liliingia mwaka 2011 na likatangazwa Desemba 2016.

Marekebisho yalikuwa mafupi. Kufuli la soketi lilishikwa mwanzoni mwa packet_set_ring, na kufuli hilohilo likashikwa wakati wa kubadili toleo. Nyuzi mbili hazikuweza tena kuingiliana katikati ya kazi.

Hata hivyo, kufuli pekee halitoshi pale ambapo soketi inafikiwa kwa njia nyingi. Kanuni pana ina hatua nne. Kwanza, soketi iondolewe katika jedwali ili asipatikane mtumiaji mpya. Pili, kipima muda kisimamishwe kwa namna inayosubiri utaratibu wake umalizike, na anayesubiri asiwe ameshika kufuli linalohitajiwa na utaratibu huo, la sivyo wote wawili watakwama. Tatu, kila mshikaji apunguze hesabu ya marejeo anapomaliza, na asiwepo wa kuiongeza tena ikishafika sifuri. Nne, anayeifikisha sifuri asubiri wasomaji wasiotumia kufuli, wanaolindwa na utaratibu wa RCU, watoke kwanza. Ndipo kumbukumbu irejeshwe.

Mpangilio huu haupinduliki kiholela. Kipima muda kikisimamishwa kabla ya soketi kuondolewa katika jedwali, pakiti inayowasili katikati yaweza kukianzisha upya, na hitilafu ileile ikarudi.

Kwa kuhitimisha, majaribio yanayopita bila hitilafu si ushahidi wa kutosha wa usahihi, kwa kuwa mgongano hutokea katika mpishano adimu wa nyuzi. Vyombo kama KASAN na KCSAN husaidia kuubaini unapotokea. Uhakiki wa msimbo, kwa upande wake, uoneshe kwa kila mshikaji ni lini alipata anwani ya soketi na ni wapi aliiachilia.