Hadithi Tunayoijua Mwisho Wake: Uigizaji Katika Filamu Moja ya Kijapani

Mvulana na msichana wanasoma shule moja. Wanapendana. Msichana anapata ugonjwa usiopona, anafariki, na mvulana anabaki na kumbukumbu. Msomaji ambaye hajaiona filamu tunayotaka kuizungumzia ameshaijua tayari, maana hadithi ya namna hii imesimuliwa katika riwaya, michezo ya redio na filamu za nchi nyingi. Hata hivyo, mwaka 2004 filamu iitwayo Sekai no Chushin de, Ai o Sakebu, yaani "Kupaza Sauti ya Mapenzi Katikati ya Dunia", ilijaza majumba ya sinema nchini Japani. Iliongozwa na Isao Yukisada kutokana na riwaya ya Kyoichi Katayama iliyotoka mwaka 2001. Mwaka huohuo wa 2004 hadithi hiyo ilifanywa pia mchezo wa televisheni wa mfululizo, na mwaka 2005 Wakorea wakaitengenezea filamu yao. Hadithi imekuwa mali ya kila mtu. Linalobaki kuulizwa ni nani anaiigiza, na anaiigizaje.

Tuliwaonyesha filamu hii wanafunzi wetu wa mwaka wa pili katika kozi ya tamthilia, na tulikuwa na sababu. Muhula uliotangulia walikuwa wamecheza mchezo mfupi wenye bibi harusi mgonjwa. Mgonjwa alilia tangu pazia lilipofunguliwa. Akashika kifua, akayumba, akaita jina la mchumba wake kwa kilio, na hadhira ikacheka. Mwanafunzi yule aliumia sana. Wakati wa tathmini wenzake walimtetea kwa kulaumu mchezo, wakidai kuwa ni hadithi iliyochakaa. Sisi tulishuku kuwa kosa liko kwingine. Tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo wengi wa wanafunzi hawakukizaliwa nacho tunalifahamu tatizo hili: mwigizaji huelekeza nguvu zake zote katika upatanisho wa ngeli na matamshi ya r na l, kisha hisia huzibandika juu ya maneno kama stempu juu ya bahasha. Filamu ya Kijapani ilitufaa kwa kuwa ukumbini hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua Kijapani. Tafsiri ilipita chini ya picha, lakini kilichotushika kilikuwa uso na sauti.

Sehemu kubwa ya filamu inarejea mwaka 1986, katika mji mdogo wa pwani kisiwani Shikoku. Sakutaro (Mirai Moriyama) na Aki (Masami Nagasawa) ni wapenzi wa kipindi cha redio cha usiku, na kila mmoja anataka kadi yake isomwe hewani ili apate zawadi ya Walkman. Sakutaro anatunga uongo: anaandika kwamba katika darasa lao kuna msichana mwenye saratani ya damu. Kadi inasomwa, zawadi anapata, na Aki anakasirika. Baadaye Aki mwenyewe anaugua ugonjwa uleule.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, filamu inapojiwekea mtego mgumu. Hadithi ya kuliza watu imeshasemwa na mvulana mwongo kwa ajili ya zawadi, na mtazamaji ameona jinsi ilivyo rahisi. Mwigizaji wa Aki akilia kama kadi ile ilivyoandikwa, filamu yote itakuwa kadi nyingine tu.

Nagasawa, aliyekuwa na umri wa miaka 16 alipoifanya kazi hii, anaukwepa mtego kwa kuigiza afya. Katika nusu ya kwanza Aki ni mwepesi, mtundu kidogo, msichana anayemtangulia mvulana katika kila jambo, naye Moriyama anamfuata kwa uzito wa kijana asiyeamini bahati yake. Ugonjwa unapoingia, Nagasawa haugeuzi uhusika wake. Utundu uleule unabaki, ila sasa unamgharimu pumzi. Alinyoa nywele zake kwa ajili ya uhusika huu, jambo lililozungumzwa sana, lakini kunyoa ni kazi ya wembe. Kazi ya mwigizaji tunaiona wodini, wapenzi wanapotenganishwa na pazia la plastiki la kuzuia vijidudu: anajitahidi kumfurahisha mwenzake, na sisi tunaiona ile juhudi. Mgonjwa wa mchezo wetu alitaka tumwone akilia. Aki anajitahidi tusimwone. Mwaka 2005 Nagasawa alipewa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike katika tuzo za Akademia ya Filamu ya Japani.

Kisha kuna kaseti. Wapenzi hawa hubadilishana kanda walizojirekodi badala ya barua, na miaka mingi baadaye Sakutaro mtu mzima anazisikiliza tena huku akizunguka katika mji wao wa zamani. Katika sehemu hizi Nagasawa amenyang'anywa uso, mikono na mwendo. Amebakiwa na sauti tu. Kanda za mwanzo zina sauti ya mtu anayejichekea mwenyewe, akitaja vitu anavyovipenda. Kanda ya mwisho ina maneno yaliyotengana na vituo virefu. Wanafunzi waliosoma fonolojia wanajua kiimbo ni nini katika kitabu. Humu walikisikia kikifanya kazi.

Hatusemi kwamba filamu haina dosari. Sehemu ya watu wazima inalegea. Takao Osawa, katika uhusika wa Sakutaro mkubwa, analia mapema mno na mara nyingi mno, na sadfa inayomhusisha mchumba wake wa sasa (Kou Shibasaki) na kanda zile za zamani ni ya kumchosha hata mtazamaji mvumilivu. Kinachoziokoa sehemu hizo ni mzee Tsutomu Yamazaki, yule aliyeigiza mteka nyara katika filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1963. Hapa ni mpiga picha wa mjini ambaye naye alimpoteza aliyempenda. Anasimama nyuma ya kamera yake, hasemi mengi, na mtu hatamani aondoke.

Filamu ilipokwisha mjadala ulichukua muda, na wapo walioendelea kushikilia kuwa hadithi imechakaa. Yule mwanafunzi aliyechekwa hakuchangia. Wenzake walipoanza kutoka alitufuata mezani, akaomba kanda ya mwisho irudiwe na maandishi ya chini yazimwe. Tukayazima, tukakaa naye tukamsikiliza Aki kwa Kijapani kitupu.