Je, Wajua? Ukoma na dawa zilizozoeleka

Je, wajua kwamba dapsoni, dawa iliyoleta matumaini kwa wenye ukoma tangu miaka ya 1940, ilimezwa peke yake kwa miaka na miaka? Vimelea vikaizoea. Usugu huo ulithibitishwa Malaysia mwaka 1964, na miaka ya 1970 Ethiopia ikawa mashakani.

Je, wajua ushahidi ulitoka wapi? Kwenye nyayo za panya! Kimelea cha ukoma hakioti kwenye chupa za maabara, hivyo kilioteshwa humo, tena ni kizembe: hujigawa mara moja kwa takriban wiki mbili. Majibu yalisubiriwa kwa miezi. Leo husomwa jeni zake kutoka kipande kidogo cha ngozi. Kikitiwa katika spiriti hakihitaji barafu, na sisi wa Lubumbashi, tulio zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, twajua barafu inavyoyeyuka njiani.

Je, wajua kwa nini plaketi, yaani pakiti ya vidonge vya ukoma, ina dawa tatu? Mgonjwa mwenye vimelea vingi anaweza kubeba bilioni 100. Kama kimoja kati ya milioni 10 hivi kinaishinda rifampisini, basi ikitolewa peke yake vitabaki maelfu vya kuzaliana upya. Kuzishinda dawa tatu kwa pamoja ni jambo gumu mno. Ndiyo maana tangu 1981 Shirika la Afya Duniani linataka zitolewe pamoja.

Je, wajua siku ya kwanza ya kila mwezi wa tiba mtu mzima humeza nini mbele ya munganga? Rifampisini mbili, klofazimini tatu na dapsoni moja. Mkojo ukiwa mwekundu, si damu, ni rifampisini. Ngozi ikiwa nyeusi, ni klofazimini, nayo hupungua polepole baada ya tiba. Wapo wanaoacha dawa kwa hofu hiyo, na kuacha katikati ndiko kunakolea usugu.

Je, wajua kwamba katika uchunguzi wa nchi 19, kati ya 2009 na 2015, asilimia 8 ya wagonjwa waliopimwa walikuwa na usugu wa dawa fulani? Mwenye vimelea vinavyoishinda rifampisini hutibiwa miezi 24 badala ya 12.

Lakini mabaka yakivimba ghafla na mishipa ya fahamu kuuma, usikimbilie kusema dawa imeshindwa. Mara nyingi ni mwili unaopambana na vimelea, na unahitaji tiba yake haraka. Rudi kituo cha afya, na usiache plaketi. Dawa ni ya bure.